Kambi ya wikiendi kwa waandishi wa hadithi za mapenzi: twende wapi, na tukifika tufanye nini?

Kalamu ya Tabata

Waandishi wenzangu, nawasalimu. Naomba ushauri wenu juu ya jambo ambalo sisi wachache tumelizungumza kwa miezi kadhaa bila kulifikisha popote.

Mimi huandika hadithi za mapenzi, na kwa miaka minne sasa nimekuwa nikizitoa sehemu kwa sehemu katika kundi la WhatsApp ambalo wasomaji wake hulipia kila wiki kwa simu. Tuko waandishi wanane tuliofahamiana kwa njia hiyo, wanawake watano na wanaume watatu, sote wakazi wa Dar es Salaam kuanzia Segerea hadi Mbagala, na hakuna hata mmoja anayeishi kwa kalamu peke yake: yuko muuguzi, yuko mwalimu wa sekondari, yuko kaka anayeuza viatu vya mtumba Karume, na mimi ni karani. Tunaandikia kwenye simu, ndani ya daladala iliyokwama kwenye foleni ya Buguruni, au usiku baada ya watoto kulala. Sikumbuki siku niliyowahi kuandika saa tatu mfululizo bila mtu kuniita.

Ndipo tukapata wazo la kwenda mahali patulivu wikiendi moja, tufike Ijumaa jioni na kurudi Jumapili baada ya chakula cha mchana, huku kila mmoja akichangia kiasi kisichozidi shilingi 150,000 kwa kila kitu. Wengine wanapendekeza hoteli ya ufukweni Kigamboni, wengine Bagamoyo, na mwalimu wetu anasema twende Pugu ili tusitumie nauli kubwa. Kuhusu ratiba pia hatujaelewana, kwa kuwa baadhi wanataka tumwalike mkufunzi atufundishe kuanzia asubuhi hadi jioni, na mimi nahofia kwamba tutarudi na madaftari yaliyojaa maelezo huku hadithi zikiwa palepale zilipokuwa. Nakiri kwamba zangu zinanitia aibu kidogo: ninazo tatu ambazo hazijaisha, na moja imefika Sehemu ya 74.

Liko pia jambo la kusomeana. Katika hadithi zetu kuna mandhari za faragha, na sijui watu wazima wa jinsia mbili, tena wengine wana ndoa zao, watazisomaje kwa sauti mbele ya wenzao bila kuoneana haya au kufikiriana vibaya. Mume wangu si mtu wa wivu, lakini nilipomwambia kwamba nitalala siku mbili nje ya nyumba pamoja na watu wanaoandika mapenzi, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama huko chakula kitakuwepo. Sijajua hadi leo alimaanisha nini.

Mama Wawili

Dada Kalamu, nimeandaa kambi mbili za namna hiyo. Ya kwanza iliharibika na ya pili ilifana, kwa hiyo nitakueleza zote mbili, hasa ile iliyoharibika.

Mara ya kwanza tulichagua hoteli ya ufukweni upande wa Kigamboni. Tulikwenda kuikagua siku ya Jumatano, tukaikuta kimya, mawimbi na minazi tu, tukalipa nusu ya fedha siku ileile. Kosa letu lilikuwa kuikagua siku ya kazi ilhali tulikuwa tunakwenda kukaa wikiendi. Jumamosi ilipofika saa kumi jioni kulikuwa na sherehe tatu za siku ya kuzaliwa kwenye mchanga uleule, kila moja ikiwa na spika zake, na mwenzetu mmoja aliyekuwa akiandika mandhari ya wapenzi kuagana kwa mara ya mwisho alijikuta akiyaandika huku mshereheshaji akiwaita wajomba wa mtoto waje kulishwa keki. Siwalaumu wenye hoteli, kwa sababu fukwe za mji huu ndipo watu wanapopumzikia wikiendi, na ni haki yao. Ila mwandishi anayetaka utulivu siku ya Jumamosi aikimbie bahari, au angalau akakae mtaa wa tatu kutoka ufukweni.

Kosa la pili lilikuwa ratiba. Tulikuwa na mada sita, mkufunzi, na projekta ya kukodi, na mpaka Jumapili mchana hakuna aliyekuwa ameandika ukurasa mmoja. Hofu yako kuhusu madaftari ni ya kweli kabisa.

Mara ya pili tulikodi nyumba ya kawaida Bagamoyo, mbali kidogo na ufuo, yenye vyumba vitano na baraza pana. Bagamoyo iko umbali wa kilomita 70 hivi kutoka katikati ya jiji na barabara ni ya lami, lakini msiondoke Ijumaa saa kumi na moja jioni, kwa maana foleni ya kutoka Mwenge hadi Tegeta itawamaliza hamu yote kabla hamjafika. Tulikuwa watu kumi, tukachanga shilingi 120,000 kila mmoja, na fedha hizo zilitosha nyumba, basi dogo la kwenda na kurudi, na mama wa palepale mtaani aliyetupikia. Mpishi ndiye mtu muhimu kuliko mkufunzi, amini usiamini. Mkipika wenyewe, wanawake watano wataingia jikoni na wanaume watatu watabaki barazani wakiandika, nami nimeliona hilo kwa macho yangu. Tulikwenda mwezi wa Juni, mvua za masika zikiwa zimekwisha na joto limepungua, na hata feni hatukuzihitaji sana.

Ratiba yetu ilikuwa fupi. Kuanzia baada ya swala na kifungua kinywa hadi saa sita mchana ulikuwa muda wa kimya, na simu ziliwekwa kwenye kapu sebuleni, isipokuwa za wale walioandikia kwenye simu, ambao walizima data mbele ya macho yetu. Mchana tulikula, tukalala kidogo, tukaandika tena kwa muda wa saa mbili. Jioni tulikaa barazani tukasomeana, kila mtu kurasa mbili, basi.

Sasa hilo la kusomeana. Tulijiwekea masharti mawili tu. La kwanza, mwandishi ndiye anayechagua kipande, na kama anaona haya kukisoma mwenyewe anampa mwenzake. La pili, ni marufuku kumwuliza mtu kama aliyoyaandika yamewahi kumkuta. Sharti hili la pili ndilo lililotuokoa, kwa sababu swali hilo likishaulizwa mara moja, hata kwa utani, kila mtu anaanza kuandika kwa kujilinda. Tulizungumzia maandishi, hatukumzungumzia mwandishi. Na ukweli ni kwamba mandhari ya chumbani hayakuwa tatizo kubwa kama tulivyodhani. Tatizo lilikuwa mandhari ya kutazamana. Dada mmoja alisoma kipande ambacho muuza kanga anamwona kwa mara ya kwanza kijana atakayempenda, naye alikuwa ameandika hivi: «Moyo wake ulidunda kwa kasi, mwili ukamsisimka.» Tukanyamaza sote, maana kila mmoja wetu alikuwa na sentensi hiyohiyo kwenye hadithi yake. Mmoja akamwuliza mikono ya huyo dada ilikuwa inafanya nini wakati huo. Asubuhi iliyofuata alitusomea upya: «Aliikunja ile kanga, akaikunjua, akaikunja tena, kisha akampa na kusahau kudai pesa.» Mpaka leo nikikwama najiuliza mikono inafanya nini.

Kuhusu shemeji, mpe namba ya mwenye nyumba na mwonyeshe orodha ya vyumba, wanawake upande wao na wanaume upande wao. Mume wangu mimi alitusindikiza mwenyewe, akala mchana, akaridhika, akarudi Dar.

Mhariri Mstaafu

Nimesoma swali na jibu la Mama Wawili, nami sina la kuongeza kuhusu nyumba na mpishi. Niruhusuni niseme juu ya ile Sehemu ya 74, kwa sababu nadhani hapo ndipo lilipo swali lenyewe, na mwulizaji amelipitia kwa haraka kama mtu anayemtajia daktari maumivu akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango.

Hadithi za mapenzi za Kiswahili katika mji huu zimekulia kwenye mfululizo. Magazeti ya kila wiki yaliyoongezeka baada ya milango ya habari kufunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 yaliziuza kwa vipande, na mwandishi alikatiwa nafasi yake kwa kigezo kimoja: kama msomaji atalinunua gazeti tena wiki ijayo. Leo gazeti limegeuka kundi la WhatsApp, lakini kigezo ni kilekile. Matokeo yake ni kwamba tunao waandishi hodari mno wa taharuki, wanaojua kuikatisha sehemu huku mkono wa mtu ukiwa kwenye kitasa, ila ni wachache sana waliowahi kuandika mwisho. Wala si kwa uvivu. Soko halijawahi kuwalipa kwa kumaliza.

Ugenini mambo yalikwenda njia nyingine. Chama cha Romance Writers of America, kilichoanzishwa Houston, Marekani, mwaka 1980, kiliifafanua riwaya ya mapenzi kwa mambo mawili tu: penzi liwe ndilo kiini cha hadithi, na mwisho uwe wa kuridhisha na wenye matumaini. Silipendi kila wanalolipenda wao, na sioni kwa nini mwisho wetu lazima uwe wa furaha, maana msomaji wa Dar hulia kwa raha yake na hudai haki ya kulia. Lakini tazameni kwamba nusu ya ufafanuzi huo ni mwisho. Kwa kipimo hicho, hadithi yenye sehemu 74 isiyo na tamati bado haijawa hadithi ya mapenzi. Ni uchumba uliokawia.

Kwa hiyo ningewashauri kambi yenu iwe na kazi moja. Kila mtu aje na hadithi moja tu, ile iliyokwama. Ijumaa usiku, kabla ya kulala, kila mmoja awasimulie wenzake mwisho wake kwa dakika tano, kwa mdomo, bila karatasi, na asiyeujua aseme kwamba haujui. Jumamosi yote iandikwe sura ya mwisho, hata kama zimebaki sura kumi kabla yake. Jumapili asubuhi mtu atarudi nyuma na kuona ni yapi kati ya yale aliyoyaandika yanaelekea kwenye mwisho huo na ni yapi yalikuwa ya kuvuta wiki tu. Nimewahi kuhariri mswada wa mwandishi aliyefanya hivyo, akakata wahusika wanne, mmoja wao akiwa pacha aliyepotea, na hakuna aliyemkumbuka yule pacha.

Mwisho hukosekana pia kwa sababu kikwazo kilichowekwa mwanzoni ni dhaifu. Mwandishi anawatenganisha wapenzi kwa ujumbe wa simu uliosomwa vibaya. Kikwazo cha namna hiyo huondoka kwa mazungumzo ya dakika mbili, hivyo inambidi azushe kingine, na kingine tena, mpaka anafika Sehemu ya 74. Vikwazo vya kweli tunavyo tele hapa. Mshenga anayetumwa kupeleka barua ya posa huku naye anampenda binti, familia mbili za dini mbili zinazoishi ukuta kwa ukuta Ilala, mahari iliyokwisha kuliwa na kaka mkubwa: hivyo haviondoki kwa kupiga simu, na vinamlazimisha mtu kuchagua. Akishachagua, mwisho umejileta.

Jambo la mwisho, ambalo ni la kisheria. Mandhari mtakayosomeana barazani ni yenu, lakini mtakayoyatuma kwenye makundi yako chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inakataza kuchapisha ponografia kwa njia ya kompyuta, na simu imo humo. Fumbo linatosha. Waswahili wameimba mahaba ndani ya taarabu kwa vizazi bila kuvua mtu nguo.

Mwana wa Mbagala

Shikamoo Mzee Mhariri. Naheshimu ushauri wako, ila sehemu ya riziki yangu inatoka kwenye hayo makundi na ninaomba niseme upande wa pili. Nilipomaliza hadithi yangu ya kwanza, karibu nusu ya wasomaji walijitoa wiki ileile, na niliowatumia ujumbe kuwauliza sababu walinijibu kwamba hadithi si imeisha, walipie nini tena. Mwezi ule kodi ya chumba niliikopa. Sasa ukitupeleka kambini watu wanane na kuturudisha na miisho minane, umetupa sifa lakini umetunyang'anya ugali. Mimi ningependelea mkufunzi aje atufundishe kuandika vizuri zaidi hukohuko ndani ya mfululizo.

Mhariri Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Umesema kweli, na nilistahili kukumbushwa, kwa sababu pensheni humsahaulisha mtu bei ya chumba.

Sikusema kwamba mwisho utumwe Jumatatu. Uandike, uuweke. Kinachobadilika ni kwamba ukiujua unakokwenda, kila sehemu utakayoituma itakuwa na uzito, na wewe ndiye utakayeamua kama zimebaki sehemu 12 au 30. Zikibaki tano, anza kutoa hadithi mpya katika kundi lilelile, ili siku hadithi ya kwanza itakapoisha msomaji awe tayari ameshakamatwa na ya pili. Wauza magazeti walilijua hilo. Hadithi mbili hazikuisha katika toleo moja.

Tena hadithi iliyokamilika ni mali, na iliyokatika ni deni. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ina kipengele cha riwaya, na ile tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye ilibadilishwa jina kuwa Safal-Cornell, nayo hupokea miswada ya riwaya. Hakuna jopo la majaji litakalopokea mfululizo unaoishia na «itaendelea». Mchapishaji naye hataangalia. Na mtu akikuibia sehemu zako akaziweka kwenye kundi lake, utakuwa na nguvu zaidi ukiwa na kazi nzima yenye jina lako. Hakimiliki kwa sheria yetu ya mwaka 1999 unayo tangu unapoiandika, lakini kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, hukurahisishia kuthibitisha kwamba ni yako.

Mkufunzi mwalikeni, ila kwa saa mbili za Jumamosi jioni, na aje kusoma kurasa zenu, asije na mada.

Kalamu ya Tabata

Nawashukuru sana nyote, na hasa Mzee Mhariri kwa ule mfano wa kitasa, ambao umeniuma ipasavyo. Nimewasomea wenzangu majibu haya jana, na tumekubaliana yafuatayo: tutatafuta nyumba Bagamoyo na si hoteli, tutakwenda mwezi wa Julai, tutaondoka Dar Ijumaa saa sita mchana kwa wanaoweza kuomba ruhusa, na kila mmoja atakuja na hadithi moja iliyokwama. Mwalimu wetu wa sekondari bado analalamikia nauli, lakini amekubali baada ya kuambiwa kwamba mwisho wake ndio utakaosimuliwa wa kwanza.

Mimi jana usiku nilijaribu kujisimulia mwisho wa ile ya sehemu 74 kwa dakika tano, nikiwa peke yangu jikoni, na nikagundua kwamba nimekuwa nikimwozesha dada huyu kwa mtu ambaye hampendi. Anayempenda ni yule dereva wa bajaji aliyetokea Sehemu ya 9 na ambaye sikumpa hata jina.

Nina swali moja dogo kwa Mama Wawili. Umeme ukikatika mlifanyaje, kwa kuwa wawili kati yetu wana kompyuta ambazo betri zake zimekufa?

Mama Wawili

Ulikatika Jumamosi kutwa, dada. Walioandikia kwenye simu walikuwa na pawabenki, na wawili waliobaki waliandika kwa kalamu kwenye daftari la shule, wakalalamika saa moja ya kwanza, kisha wakasahau. Chukueni daftari mbili za kaunta, na ekstensheni ndefu kwa siku ambayo umeme utakuwepo, maana nyumba za kukodi huwa na soketi moja tu chumbani na daima iko nyuma ya kabati. Neti za mbu ulizia mapema.

Namba ya yule mama mpishi nitakutumia faraghani. Mwambie idadi ya watu siku tatu kabla, na kama kuna asiyekula samaki mwambie pia, kwa sababu Jumamosi atawapikia changu wa nazi bila kuwauliza.

Huyo dereva wa bajaji mpe jina kabla ya Julai.

Kalamu ya Tabata

Nitampa. Mume wangu ameuliza tena kuhusu chakula, na safari hii nimemsomea habari ya changu wa nazi. Anasema atatusindikiza.